Neno la Mwisho Mezani

Mwaka 1984 kampuni ya Marekani iitwayo West End Games ilitoa mchezo wenye jina la Paranoia. Wachezaji wake ni raia wa mji uliofungwa, unaotawaliwa na kompyuta yenye kushuku kila kitu, na kila raia anaficha jambo ambalo likijulikana atauawa. Hadi hapo si ajabu. Ajabu ni kwamba kanuni za mchezo zenyewe ni siri ya serikali. Mchezaji akimwambia msimamizi, "Lakini kitabu kinasema vingine," ameshajitia kitanzi: raia wa daraja lake hakupaswa kuyajua hayo, na kuyajua ni uhaini. Msimamizi ana ruhusa ya kumwangamiza papo hapo, wenzake wakishangilia.

Huo ni mzaha, ila ni mzaha wa watu waliojua wanamkejeli nani. Kwa miaka kumi kabla yake wachezaji wa Marekani na Uingereza walikuwa wamekesha wakibishana, kwa dhati na mara nyingine kwa kununiana, juu ya swali ambalo sura hii inalifuatilia. Kitabu kikisema hivi na msimamizi akasema vile, la nani litasimama?

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ya namna hiyo: mchezo wa uhusika unahitaji watu wanne watano, karatasi, penseli na dadu, zikiwemo za pande 4, 8, 12 na 20. Kila mchezaji anamwongoza mhusika mmoja, awe mwizi, mchawi, mpelelezi au askari wa kukodiwa. Mmoja wao hana mhusika. Huyo ndiye msimamizi, ambaye wenyewe humwita gemu masta, au DM (Dungeon Master) kwa wale wa mchezo wa Dungeons & Dragons. Kwa wengine yeye ndiye macho na masikio. Ndiye anayewaambia kwamba mlango umefungwa na nyuma yake kuna mtu anakohoa. Na huyo anayekohoa ni yeye vilevile, pamoja na mwenye nyumba, mbwa wake, mvua ya nje na mfalme wa nchi jirani. Wachezaji wanasema wanachofanya, naye anasema kilichotokea. Ubao si lazima, na hakuna mshindi.

Sasa mchezaji anasema: "Namwaga mafuta ya taa kwenye ngazi, halafu nakaa juu nawasubiri." Kitabu kina kurasa nzima juu ya panga na mikuki, hakina hata mstari juu ya mafuta kwenye ngazi. Kwenye sataranji mambo yangeishia hapo, kwa kuwa kisichomo ndani ya kanuni hakipo. Huku ni kinyume. Chochote ambacho binadamu angeweza kukijaribu kinaweza kujaribiwa, na kinachotafutwa ni matokeo yake. Msimamizi anafikiri kidogo. "Ngazi ni za mawe, zimeliwa na miaka. Kila adui atarusha dadu ya pande 20. Akipata 11 au zaidi atabaki wima." Yaani nusu kwa nusu. Kwa pumzi moja ametunga sheria, ameifasiri na ameitekeleza, kazi tatu ambazo katiba za nchi zinahangaika kuzitenganisha, na hakuna aliyenung'unika. Mchezo unaendelea.

Bila mtu wa kufanya hivyo mchezo huu haupo. Nalisema hilo mapema, kwa sababu nitakayoyasema mbele juu ya wasimamizi si mazuri yote.

Mamlaka haya hayakuzaliwa kwenye hadithi za majoka. Yalizaliwa jeshini. Mwaka 1824 luteni kijana wa mizinga wa Prussia, Georg Heinrich von Reisswitz, alichapisha mchezo wa vita ambao baba yake ndiye aliyeuanzisha, naye akaufumua na kuusuka upya. Badala ya uwanja wa kubuni aliweka ramani za kijeshi kwa kipimo cha 1:8000. Makamanda wa pande mbili hawakugusa vikosi vyao. Waliandika amri kwenye karatasi na kumkabidhi mwamuzi. Mwamuzi alizisoma zote, akasogeza vikosi, akarusha dadu kujua risasi zimeua wangapi, kisha akaweka kwenye ramani vile vikosi tu ambavyo adui angeweza kuviona. Wapanda farasi waliojificha nyuma ya kilima hawakuwepo mezani. Walikuwa kichwani mwa mwamuzi.

Hapo ndipo penye chimbuko la kazi yenyewe. Mwamuzi hakuwekwa kwa kuwa ni mkubwa wa cheo au kwa kuwa mchezo ni wake. Aliwekwa kwa sababu vita vina giza, na giza haliwezi kuchezwa na watu wawili wanaotazama ubao mmoja. Alihitajika wa tatu anayejua ya pande zote na asiye na upande.

Majenerali waliupenda mchezo, maofisa waliotakiwa kuuamua wakauchoka. Kila zamu ilikuwa dakika mbili za vita, na kila dakika mbili zilidai majedwali ya mwendo, majedwali ya risasi, majedwali ya hasara. Saa nzima ya mezani ilipita na vikosi havijafika mtoni. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois, ofisa aliyekuwa kwenye makao makuu ya jenerali Moltke wa Prussia wakati wa vita dhidi ya Ufaransa, alikuja na pendekezo kali: tupeni majedwali, tupeni na dadu. Mwache ofisa aliyeiona vita kwa macho yake aseme shambulio hili lingefaulu au lisingefaulu, na kwa nini. Jeshi likapata namna mbili za mchezo, ule wa kanuni na ule wa hiari ya mwamuzi, na ugomvi kati ya hizo mbili ndio huu tulio nao hadi leo, umebadilishwa mavazi tu.

Lakini angalia hoja ya Verdy ilisimama juu ya nini. Ilisimama juu ya uzoefu. Kanali aliposema kikosi kisingeweza kuvuka lile bonde chini ya mizinga, vijana walinyamaza kwa sababu kanali alikuwa amewahi kuona watu wakijaribu kuvuka bonde.

Mamlaka hayo yalivuka bahari. Mwaka 1880 luteni wa jeshi la Marekani, Charles Totten, alitoa mchezo wake wa vita, Strategos, uliompa mwamuzi nafasi pana ya kuamua lolote ambalo mchezaji angebuni. Karibu miaka tisini baadaye kijana mmoja wa Minnesota, David Wesely, alikikuta kitabu hicho kwenye maktaba ya chuo kikuu, na wazo lile likamkaa. Mwaka 1969 aliwaalika marafiki kucheza vita vya enzi ya Napoleon katika mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein. Walifika wengi kuliko vikosi vilivyokuwepo. Ili wasikae bure akawagawia waliozidi vyeo vya mjini: wewe meya, wewe mwenye benki, wewe mkuu wa chuo. Badala ya kungoja vita wakaanza kunong'onezana, kudanganyana na kutafutana jikoni. Wawili wakataka kupigana ana kwa ana, na Wesely, ambaye hakuwa na kanuni yoyote ya mambo hayo, ikabidi aitunge palepale amesimama. Vita alivyoviandaa havikufika popote. Akaenda nyumbani akijua jioni imeharibika. Wenzake walimtafuta wakitaka irudiwe.

Mmoja wao, Dave Arneson, aliuchukua mtindo huo akauingiza kwenye mapango yenye mazimwi, akayaita makazi hayo Blackmoor. Kisha akaungana na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, mtu aliyewahi kufanya kazi ya bima na, alipoipoteza, akawa anashona viatu nyumbani. Januari 1974 wakatoa Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya kasha, nakala 1,000.

Na hapa ndipo msingi wa Verdy ulipoporomoka bila mtu kuona. Kanali wa Prussia aliwahi kuona vita. Nani amewahi kupambana na joka? Uzoefu upi unaomwambia msimamizi wa Minnesota kwamba uchawi wa usingizi unawalaza mazimwi wadogo lakini haumlazi pepo? Alibaki na kiti cha kanali, akakosa kilichomkalisha kanali pale. Kuanzia siku hiyo mamlaka ya msimamizi yalihitaji sababu nyingine, na historia nzima ya michezo hii, ukiitazama kwa jicho hilo, ni historia ya watu wanaotafuta sababu hiyo.

Jibu la kwanza lilikuwa la ukarimu, na pengine la lazima. Vijitabu vya 1974 vilikuwa na mapengo ya kutosha kupitisha ng'ombe. Msomaji asiyejua michezo ya vita hakuweza kufahamu hata zamu inaanzaje. Watunzi walimalizia kwa kuwaambia wasomaji kwamba wakikwama wanaweza kuandika barua, lakini njia bora ni waamue wenyewe wanavyotaka iwe. Watu wakalichukua neno hilo kama lilivyo. Huko Phoenix, Arizona, Ken St. Andre alivisoma, hakuvielewa wala kuvipenda, na mwaka 1975 akatoa mchezo wake, Tunnels & Trolls. Kila mji ukawa na Dungeons & Dragons yake. Msimamizi alikuwa na mamlaka kwa sababu asipotunga yeye hakuna kingine cha kuchezea.

Halafu Gygax akageuka. Kati ya 1977 na 1979 alitoa vitabu vitatu vinene vya toleo alilolipa jina la Advanced, na nia yake ilikuwa kinyume kabisa na ile ya mwanzo: sasa kanuni ziwe moja kutoka pwani hadi pwani. Katika jarida la kampuni yake, Dragon, alikuwa mkali kwa wale waliobadili kanuni na bado wakauita mchezo wao kwa jina lilelile. Alikuwa na sababu nzuri. Mashindano yalikuwa yanakua, na huwezi kushindanisha meza kumi ikiwa kila meza ina dini yake. Wachezaji nao walianza kuhama na wahusika wao: mtu anatoka mji mmoja na shujaa mwenye upanga aliopewa na msimamizi mkarimu, anakaa kwenye meza ya msimamizi bahili, na ugomvi unaanza kabla ya chai. Na kulikuwa na fedha. Arneson, ambaye jina lake lilikuwa kwenye mchezo wa kwanza, alifungua kesi mwaka 1979 akidai mirabaha yake. Ikamalizwa kwa maelewano mwaka 1981. Kama toleo jipya ni mchezo mwingine kabisa au ni uleule uliovaa koti jipya halikuwa swali la kinadharia kwa watu wale.

Kitabu cha msimamizi cha mwaka 1979 ni kitu cha ajabu, nami nakipenda. Kina majedwali ya magonjwa, ya vito, ya mitishamba, hata ya wanawake wa barabarani usiku. Kinadai usawa wa kanuni kila mahali, na papo hapo kinamwambia msimamizi kwamba yeye ndiye mwamuzi wa mwisho na dadu ziko chini yake. Katika utangulizi wake Gygax anawaambia wasimamizi kwamba mchezaji wa kawaida atakayekutwa na kitabu hicho hastahili hata kifo cha heshima. Utani, ndiyo. Lakini ukiweka pembeni utani, linalobaki ni hili: kanuni ni mali ya mmoja, na wengine watazijua kwa kuumia. Watunzi wa Paranoia miaka mitano baadaye hawakuwa na haja ya kubuni mengi.

Mtu aliyelifikiria jambo hili kwa kina zaidi hakuwa akiandika juu ya dadu za pande 20. Mwaka 1961 H. L. A. Hart, mwanafalsafa wa sheria wa Oxford, alitoa kitabu chake The Concept of Law, na humo anazungumzia mwamuzi wa michezo ili kuwajibu wanaosema kwamba sheria ni lile tu mahakama itakalolisema. Fikiria, anasema, mchezo usio na mwamuzi: wachezaji wenyewe wanahesabu mabao kwa kufuata kanuni. Kisha mwekeni mwamuzi ambaye uamuzi wake ni wa mwisho. Je, kanuni ya kuhesabu mabao imekufa? Hapana. Bado ipo, bado mwamuzi anapaswa kuifuata, na bado anaweza kukosea. Ila tumekubaliana kwamba akikosea hatutasimamisha mchezo. Uamuzi wa mwisho si uamuzi usiokosea. Mchezo ambamo bao ni lolote analolisema mwamuzi ni mchezo mwingine, na Hart anautenganisha na ule wa kwanza. Unaweza kuchezwa na hata kufurahisha. Lakini haufanani tena na ule mliouanza, na mchezaji hawezi hata kusema "nimefunga". Anachoweza ni kubashiri mwamuzi ataamkaje.

Nadhani karibu kila ugomvi wa mezani unatokana na kuchanganya mambo hayo mawili. Msimamizi anaambiwa kwamba neno lake ni la mwisho, naye anasikia kwamba neno lake ndilo kanuni. Kama yule mtoto mwenye mpira: akisema si penalti, si penalti, vinginevyo anaondoka na mpira wake. Uwanja mzima unajua ni penalti.

Twende kwenye kadibodi. Wasimamizi wengi huweka mbele yao kiambaza cha kadibodi kilichokunjwa mara tatu au nne. Kwa nje kina picha ya joka, kwa ndani kina majedwali. Nyuma yake kuna ramani, siri, na dadu ambazo wachezaji hawazioni. Baadhi ya dadu hizo lazima zifichwe. Mwizi anapopekua mlango kutafuta mtego na kuambiwa "huoni kitu," akiwa ameona dadu imeangukia 2, atajua kwamba hakutafuta vizuri, na jibu halina tena maana. Hilo ni giza la Reisswitz, halali kabisa.

Lakini kiambaza kinaruhusu jambo la pili. Mhusika wako amebakiwa na pointi 6 za uhai. Mbele yake kuna jitu lenye rungu, na rungu hilo linaumiza kwa dadu ya pande 8. Likikupata, 6, 7 na 8 zinakuua: mara 3 kati ya 8. Ungeweza kukimbia. Unabaki, kwa sababu nyuma yako kuna mtoto wa mwenye nyumba. Jitu linapiga, msimamizi anarusha nyuma ya kadibodi, anapata 7, anakutazama usoni na kusema, "Nne."

Anaamini amekupa uhai. Alichokunyima ni kitendo chako. Ulipobaki ulijua hatari ni kiasi gani na ukaikubali. Sasa inaonekana haikuwepo, na ushujaa wako ulikuwa wa kuigizwa mbele ya mtu aliyeshaamua hutakufa. Hukuambiwa, na kwa hiyo utaendelea kupiga hesabu za mara 3 kati ya 8 katika dunia ambayo hesabu hizo hazifanyi kazi. Linganisha na yale mafuta kwenye ngazi. Pale pia msimamizi alitunga kanuni isiyokuwepo. Lakini aliitunga hadharani, kabla ya dadu, kila mtu akiwa na nafasi ya kusema "hapana, mawe yaliyolowa mafuta ni magumu kuliko hivyo," na kesho adui akimwaga mafuta, 11 hiyohiyo itawahusu wachezaji. Lile la kwanza ni utungaji wa sheria. Hili la pili sina jina lake zuri.

Gygax mwenyewe aliuacha mlango wazi. Aliandika kwamba mchezaji aliyefanya kila kitu sawasawa kisha akauawa na dadu ya bahati mbaya tu, msimamizi anaweza kumwacha apoteze kiungo au azimie badala ya kufa. Kuna hekima humo, hasa unapocheza na watoto, au pale ambapo jitu lenyewe lilipimwa vibaya na kosa ni la msimamizi. Lakini basi liseme. "Jitu hili nililipa nguvu kupita kiasi, kuanzia sasa rungu lake ni dadu ya pande 6." Nimeona meza zikipokea maneno ya namna hiyo bila shida. Kinachoua imani ni siku mchezaji anapoinuka kwenda kuchukua maji, akapita nyuma ya kadibodi, akaiona ile 7.

Miaka ya 1980 uliongezeka mwiba mwingine: hadithi. Dragonlance, mfululizo wa visa vilivyoandikwa tayari kwa ajili ya kuchezwa, ulioanza 1984 kwa mkono wa Tracy Hickman na wenzake, ulikuja na njama ndefu kama riwaya, na riwaya zenyewe zikafuata. Njama ina watu inaowahitaji sura ya kumi. Wachezaji wakimuua adui mkubwa sura ya tatu itakuwaje? Msimamizi alielekezwa ahakikishe kifo hicho hakina ushahidi, mwili usionekane, ili marehemu aweze kurudi. Mwaka 1991 Vampire: The Masquerade ya Mark Rein-Hagen ilimwita msimamizi Msimulizi, na ikatangaza kanuni ya dhahabu: zikiizuia hadithi, kanuni zote hazina nguvu. Toleo la tatu la Dungeons & Dragons, mwaka 2000, lilipoorodhesha hatua za kumuumba mhusika, lilianza na hatua ya sifuri: kaulize kwanza kwa msimamizi wako. Tangu hapo watu wanaitaja "kanuni ya sifuri" kana kwamba ilishuka mlimani.

Kama kanuni zote ni mapendekezo, kwa nini nilipe fedha kununua kurasa 300 za mapendekezo? Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtunzi na mwanabiolojia Ron Edwards aliandika insha iliyoshikilia kwamba mfumo wa mchezo una maana. Msimamizi mzuri aliye na kanuni mbovu, alisema, anaendesha mchezo licha ya kanuni hizo, si kwa msaada wake. Kundi lililomzunguka likaanza kutunga michezo ambamo msimamizi naye anabanwa. Katika Burning Wheel ya Luke Crane, dadu ikisharushwa juu ya jambo, matokeo yanasimama hadi hali ibadilike kweli; msimamizi hawezi kukuambia urushe tena na tena mpaka ushindwe. Vincent Baker, katika Dogs in the Vineyard ya 2004, alimwachia msimamizi njia mbili tu mchezaji anapotaka jambo: mkubalie, au mrushe dadu. Kusema "hapana" na kumaliza hapo kulifutwa.

Kazi iliyokomaa zaidi ni Apocalypse World, aliyoitoa Vincent Baker pamoja na Meguey Baker mwaka 2010. Humo msimamizi harushi dadu kabisa, kwa hiyo hana cha kuficha nyuma ya kadibodi. Mchezaji anarusha dadu mbili za kawaida. Jumla ya 10 na kuendelea, umepata ulichotaka. 7 hadi 9, umekipata kwa gharama. 6 kushuka, zamu ni ya msimamizi kukufanyia jambo. Bila nyongeza yoyote, mara 15 kati ya 36 utaangukia shimoni, na mara nyingine 15 utalipa. Hapo msimamizi anapochukua zamu, anachagua kutoka kwenye orodha iliyoandikwa: watenganishe, waumize, waoneshe hatari inayokuja, wape nafasi yenye bei. Anaagizwa pia awe shabiki wa wahusika wa wachezaji, na hayo yameandikwa kama kanuni zinazomfunga, kwa uzito uleule wa kanuni za dadu.

Wapinzani walikuwepo na wana hoja. Mwaka 2008 Matt Finch alisambaza kijitabu kifupi kilichotetea mchezo wa kale: tunataka maamuzi ya mtu, hatutaki kanuni. Kadiri kitabu kinavyonenepa, anasema, ndivyo mchezaji anavyotafuta jibu kwenye karatasi ya mhusika wake badala ya kulitafuta chumbani alimo. Kama kuna kanuni ya kupekua, nitarusha dadu ya kupekua. Kama haipo, nitauliza chini ya zulia kuna nini. Hilo la pili ni tamu zaidi, sibishi. Ila ukimsoma Finch kwa makini utaona mwamuzi anayemtaka si mfalme. Ni mtu anayesikiliza mchezaji anasema nini hasa, anapima, anasema uwezekano, anarusha. Yeye na kina Baker wanagombana juu ya unene wa kitabu; juu ya dadu iliyofichwa wangeelewana kuliko wanavyodhani.

Wapo walioamua kumwondoa msimamizi kabisa. Fiasco ya Jason Morningstar, ya mwaka 2009, ni mchezo wa watu wenye tamaa kubwa na akili kidogo, na kiti cha mbele hakina mtu. Zamu yako ikifika unachagua: uanzishe wewe tukio, na wenzako waamue litaishaje kwa kukupa dadu nyeupe au nyeusi, ama waanzishe wao na umalizie wewe. Mtunzi Paul Czege alikuwa ameshaeleza kwa nini mgawanyo wa aina hii unahitajika: mtu akijiwekea kikwazo mwenyewe na kukitatua mwenyewe, mchezo haunogi. Ukilitafakari, Czege anamtetea msimamizi vizuri kuliko wasimamizi wengi wanavyojitetea. Anahitajika kwa kuwa yeye si mimi.

Kikomo kipya zaidi hakihusu mafuta wala marungu. John Stavropoulos, mwendeshaji michezo wa Marekani, aliandika maelekezo ya kadi moja yenye alama ya X inayowekwa katikati ya meza. Hadithi ikifika mahali ambapo mtu hawezi kuvumilia, iwe mateso ya mtoto au jambo lililomkuta maishani, anaigusa kadi au kuinyanyua, na kile kilichotajwa kinaondolewa. Haulizwi sababu, hakuna kura, na msimamizi hana rufaa. Wapo waliolalamika kwamba mchezaji mmoja sasa anaweza kufuta lolote. Kwa kweli anaweza, kama vile siku zote aliweza kuinuka na kwenda nyumbani. Kadi inamruhusu kubaki. Anayeitambulisha mwanzoni kwa kawaida ni msimamizi mwenyewe, na katika maneno aliyoyapendekeza Stavropoulos kwa ajili ya utambulisho huo, msimamizi anawaambia wachezaji kwamba mara nyingi anayeigusa huwa ni yeye.